Umenunua apatimenti? Jua kwanza mita yako inawasha nini

Ukinunua apatimenti iliyotumika hapa Dar kila mtu atakupa ushauri, kagua mabomba, angalia nyufa, hati ipelekwe kwa wakili, lakini mita ya umeme hakuna anayekukumbusha mpaka siku umeshahamia, giza limeingia na rimoti ya luku ukutani imekaa kimya. Mimi nilinunua yangu Upanga, ghorofa ya nne, mwezi wa 5 2025, ilikuwa imekaa tupu miezi minane, na ndani ya wiki mbili mita ikanifundisha mambo ambayo nilikuwa sijayajua tangu naanza kujinunulia umeme. Naandika hapa kwa mtu ambaye ndio kwanza anakabidhiwa funguo.

Kitu cha kwanza kabisa ni namba ya mita, na usiichukue mdomoni kwa muuzaji. Mimi niliandikiwa kwenye karatasi, nikanunua luku ya 10,000 kwa simu, tokeni ikaja na namba zake 20, naingiza rimoti inakataa. Nikarudia pole pole, inakataa. Nikashuka chini kwenye chumba cha mita, kile kichumba chini ya ngazi kinachonuka rangi ya zamani, mita zimepangwa ukutani na namba za nyumba zimeandikwa kwa maka peni, nyingine zimefutwa zikaandikwa tena. Nalinganisha zile tarakimu 11 moja moja na tochi ya simu, kumbe karatasi yangu ina namba ya mita ya 4A na mimi ni 4B. Nikapanda kugonga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, we ndo mgeni wetu?"

Nikamweleza. Akacheka, akaiingiza ile tokeni kwake ikakubali mara moja, uniti 28.1, akanipa elfu kumi yangu na chapati mbili juu. Nilikuwa na bahati ya jirani, maana tokeni inatengenezwa kwa mita moja tu na haiingii kwingine hata ufanyeje, kwa hiyo ukikosea namba hela yako iko nyumbani kwa mtu.

Sasa usiishie kusoma kibandiko kwenye mita, kibandiko mtu anaweza kukosea. Hakikisha kwa vitendo. Mtu mmoja abaki juu kwenye mein swichi ya nyumba yako, mwingine ashuke kwenye mita na simu sikioni. Kwenye mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa, na pembeni yake imeandikwa kinapepesa mara ngapi kwa uniti moja, nyingi ni 1000 au 1600. Washa birika la umeme peke yake, kila kitu kingine zima. Birika la wati 2,000 kwenye mita ya 1000 litafanya kitaa kipepese kama mara 33 kwa dakika, unakiona kabisa kinakimbia. Zima birika, kinatulia. Kama yako haikimbii na ya jirani ndiyo inakimbia basi mita zenu zimebadilishana na mnalipiana umeme bila kujuana, na hilo sio la fundi wa mtaani, hilo ni la kwenda ofisi ya umeme wote wawili na namba zenu.

Halafu fanya kipimo cha pili ambacho watu wengi wanakiruka na ndio chenye pesa. Zima mein swichi ya nyumba yako yote. Mita ibaki na umeme lakini kwako giza tupu. Kitaa kile kinatakiwa kisipepese kabisa. Kaa hapo dakika tano hivi, usiwe na haraka. Nitarudi kwenye hili maana ndipo niliposhikwa.

Kabla ya hapo kuna suala la hela iliyomezwa. Nikapata namba sahihi, nikaona niweke ya kutosha kabisa, 50,000. Meseji ikaja, uniti sifuri. Nilikaa kwenye ndoo (viti vilikuwa bado havijafika) nikasoma ile risiti mara tatu. Ilikuwa kodi ya jengo. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia luku, ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa, Julai 2023 ikapanda ikawa 1,500 na 7,500. Mita isiponunuliwa umeme haimaanishi kodi imesimama, inajikusanya kimya kimya, siku mtu akinunua inakatwa yote. Miezi minane mara 7,500 ni 60,000. Kwa hiyo 50,000 yangu yote ikaenda huko, nikaweka tena 20,000, 10,000 ikamalizia deni na 10,000 ndio ikanipa uniti. Hakuna aliyeniibia, ni deni la mwenye nyumba wa zamani lililokuwa linasubiri mtu mwenye simu.

Ndio maana risiti ya luku usiifute kabla hujaisoma. Kwa mita isiyo na deni yoyote, kwenye matumizi ya kawaida ya Tarifu 1, mwezi wa 5 2025 10,000 ilikuwa inagawanyika hivi: umeme wenyewe 8,196.72, VAT ya asilimia 18 ni 1,475.41, REA (ya umeme vijijini) asilimia 3 ni 245.90, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 ni 81.97. Uniti moja bila kodi ilikuwa 292, ndio unapata zile 28.1. Ukipata chini ya hapo kwa elfu kumi angalia mstari wa deni au wa kodi ya jengo, jibu liko hapo. Na ukiambiwa na mtu kwamba yeye kwa 9,150 anapata uniti 75 usimbishie, huyo yuko kwenye tarifu ya matumizi madogo, uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi, akivuka 75 kwa mwezi zinazozidi anauziwa 350 kila moja. Apatimenti yenye kiyoyozi na hita ya maji sahau hiyo habari.

Kama bado hujalipa hela ya mwisho kwa muuzaji, hapa pana cha kufanya: mwambie wakili aweke kwenye mkataba kwamba madeni yote ya mita mpaka siku ya kukabidhiana ni ya muuzaji, na siku hiyo nunueni luku ya hata 5,000 mbele yake ili deni kama lipo lijioneshe wote mkiwepo. Mimi sikufanya, nilipompigia muuzaji alikuwa mpole sana, akasema atanitumia. Bado namsubiri.

Haya, una tokeni, namba ni sahihi, na bado rimoti inakataa. Kama nyumba ilikaa tupu tangu kabla ya Novemba 2024 sababu inaweza kuwa hii. Mita nyingi za kulipia kabla, dunia nzima, zilikuwa zinahesabu muda kwa dakika kuanzia mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inaishia tarehe 24 Novemba 2024. Mita zote zikatakiwa kuboreshwa, ndio zile siku mteja alikuwa anapata tokeni tatu badala ya moja, mbili za kwanza za kuibadilisha mita na ya tatu ndio umeme. Nyumba yenye mtu ilishafanya zamani. Nyumba tupu, nani angeingiza? Yangu ilikuwa hivyo hivyo. Habari njema ni kwamba mita haijafa, zile namba mbili bado zinafanya kazi hata leo, ukiingiza kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, kisha ya umeme. Ukiruka mpangilio inakataa. Kama hazikuja kwenye meseji yako piga 180 au nenda ofisi ya TANESCO ya eneo lako na namba ya mita, waambie mita haijaboreshwa, wataelewa. Ila kama kuna tokeni ya zamani muuzaji alikuachia kwenye karatasi hajaiingiza, ingiza hiyo kwanza kabla ya zile mbili, ukishaibadilisha mita ile tokeni ya zamani haisomeki tena.

Rimoti ikiwa haiwaki kabisa anza na betri, usicheke, nimeona mtu kaita fundi akalipa 15,000 kubadilishiwa betri. Na kama ukiingiza namba ya mita kwenye menyu ya luku ya simu inasema haipo, kuna uwezekano nyumba yako haina mita ya TANESCO peke yake, jengo zima lina mita moja kubwa ya fezi tatu chini na wewe una sabumita, yaani mita ndogo ya ndani aliyoweka mwenye jengo, luku yake inanunuliwa kwake au kwa wakala wake. Hapo muulize uniti anauza bei gani na mita kubwa ikikata kwa deni nani analala gizani. Majibu ya swali hilo ni bora uyasikie kabla ya kununua.

Turudi kwenye kitaa chekundu. Jioni niliyofanikiwa kuingiza tokeni nilisikia makelele kwenye ngazi, watoto wanashangilia, nikafungua mlango naona taa za korido zinawaka ghorofa zote. Mama wa 4A akaniambia zilikuwa zimekufa muda mrefu, wamezoea kupanda na tochi za simu. Nikajisemea bahati iliyoje, nimehamia na mwanga. Sikuunganisha. Nikaenda zangu, maana nilikuwa bado nalala nyumba ya zamani, nikarudi siku ya sita na godoro, luku imeisha. Nyumba haina hata friji! Uniti 28 zimeenda wapi?

Ndio nikakumbuka kipimo. Nikaweka ya 5,000, nikazima mein swichi, kijana wa mama wa 4A yuko chini kwenye mita. "Bro, kinapepesa." Zima tena. "Kinapepesa tu, tena haraka." Kumbe kati ya mita yangu na mein swichi yangu kuna waya umechepushwa kwenda taa za ngazi zote, taa ya geti na kibanda cha mlinzi, na mlinzi ana jiko la umeme la koili. Taa 12 za wati 20 usiku kucha ni karibu uniti 3, jiko lake masaa mawili kwa siku uniti 2. Uniti 5 kila siku, zaidi ya 53,000 kwa mwezi, natoa mimi. Mita yangu ilipokosa luku miezi ile minane ndio taa zilikufa na mlinzi akarudi kwenye mkaa.

Ukikuta hivi usifungue mita wala kugusa sili yake, mita ni mali ya shirika, na mita nyingi ukifungua kifuniko zinajifunga zenyewe na kuandika kwamba zimechezewa, mpaka uende ofisini kuelezea. Piga video ya kitaa kinavyopepesa huku mein swichi imezimwa, peleka kwa kamati ya jengo. Tukakaa kikao kwenye ngazi hapo hapo chini ya taa zangu, ikakubaliwa jengo liombe mita yake ya pamoja, ile laini ikatengwa na fundi mwenye leseni ya EWURA baada ya ofisi ya umeme kuja kuona. Mwambie fundi huyo huyo, akiwa bado yupo, abonyeze kile kitufe cha T kwenye breka ya kukata umeme unapovuja (RCCB), breka isiporuka ukikibonyeza inabidi ibadilishwe, ndio inayokuokoa bafuni.

La mwisho ni jina. Mita itaendelea kusoma jina la mwenye nyumba wa zamani mpaka uombe libadilishwe, na siku ukiwa na tatizo la kweli ofisini watamuuliza yeye sio wewe. Beba mkataba wa mauziano, kitambulisho cha NIDA, namba ya mita na nakala ya hati, kama jengo lako limeshagawanywa kwa ile sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo utakuwa na hati yako mwenyewe, kama bado beba barua ya kamati na ya serikali ya mtaa wasikurudishe. Mimi ilinichukua safari mbili, ya kwanza nilisahau nakala. Mlinzi naye sasa kila tukikutana getini ananiuliza mita ya jengo inakuja lini, mkaa umepanda.