SOMO: Mchwa ndani ya nyumba, tibu udongo kwanza

Kila mvua za kwanza zikidondoka Dodoma swali ni lile lile: "Fremu ya mlango imeliwa, nipulize dawa gani?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Shika hili: mchwa wanaosumbua nyumba nyingi huku wanaishi ardhini, kwenye mbao wanakuja kula tu. Ukipuliza mbao umeua waliokuja kula. Kwao hujafika.

1. Hakikisha ni mchwa. Tafuta njia za udongo ukutani, nene kama penseli, hasa nyuma ya kabati na kwenye kona za fremu. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi, ikilia utupu imeliwa ndani. Ukiona unga laini chini ya vitundu vya mviringo, mbao imebunguliwa na fukusi, si mchwa. Ukikuta punje ngumu kama mchanga, zote saizi moja, huyo ni mchwa wa mbao kavu: anaishi ndani ya mbao yenyewe na dawa ya udongo haimfikii. Kumbikumbi ana mabawa manne yanayolingana na kiuno hakijabanwa. Sisimizi mwenye mabawa kiuno chake kimebanwa.

2. Fuata njia mpaka inapotokea sakafuni, weka alama ya chaki. Vunja sentimita 3 katikati, rudi baada ya siku 2 au 3. Pakizibwa upya, wapo kazini. Pasipozibwa, usishangilie, huenda wamehamia njia nyingine. Usizifagie njia zote kabla ya kuweka dawa, utapoteza ramani.

3. Ondoa kuni, maboksi na masalia ya mbao za zege yaliyoegemea ukuta.

4. Dawa. Chukua yenye imidaklopridi au fipronili. Mchwa hawaigundui: wanapita, wanajipaka, wanaambukizana wakilambana. Nyingi za jamii ya pairethroidi, ndizo zilizo kwenye dawa nyingi za kupuliza mbu, zinawafukuza tu, na pakibaki upenyo watatokea chumba cha pili. Nunua chupa iliyofungwa, yenye lebo na namba ya usajili wa TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania). Ya kupimiwa kwenye chupa ya maji usiiguse.

5. Mtaro. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, na yangu ya kwanza iliharibikia hapa hapa. Chimba kuzunguka nyumba, ukiugusa ukuta wa msingi, upana sentimita 15, kina 30, ila usishuke chini ya kitako cha msingi. Udongo wetu ukikauka unakuwa kama tofali: dawa inateleza juu, inakusanyika upande mmoja, na sehemu iliyobaki kavu inakuwa mlango wa mchwa. Kwa hiyo jioni ya kabla yake mwagia mtaro maji kidogo, ulainike bila kuwa tope. Kesho yake mimina lita 5 kwa kila mita moja ya ukuta, polepole, kwa keni ya kumwagilia au bomba la mgongoni lililotolewa pua. Udongo unaorudisha nao uchanganye na dawa. Nyumba yenye mzunguko wa mita 40 inakula lita 200, yaani ndoo 10 za lita 20. Imidaklopridi ya gramu 200 kwa lita ni mililita 50 kwa ndoo. Fipronili ya gramu 50 kwa lita ni mililita 240 kwa ndoo. Lebo yako ikisema tofauti, fuata lebo.

ONYO: vaa glavu, buti na miwani. Usimwage siku ya mvua. Kama kuna kisima, au tangi la ardhini limeungana na msingi, usimwage upande huo. Watoto na kuku wakae mbali mpaka pakauke.

6. Ndani: toboa sakafu kandokando ya ukuta kwa biti ya milimita 12, kila sentimita 30, mpaka ufike udongoni. Sakafu ya marumaru toboa kwenye grauti, yaani kwenye maungio kati ya marumaru. Jua kwanza mabomba ya maji na nyaya zimepita wapi. Sindilia dawa mpaka shimo likatae, kisha ziba kwa saruji.

7. Kagua baada ya wiki 2, halafu kila mwanzo wa mvua.

MASWALI

Mpangaji Nkuhungu: Mkuu, nimepuliza dawa ya mbu ukutani hawajaisha. Nifanyeje?

Jibu: Soma namba 4 na 5.

Mpangaji Nkuhungu: Nimesoma, ila kuchimba ni kazi kubwa. Hakuna ya kupuliza tu?

Jibu: Ipo, na ndiyo uliyopuliza.

Mama wa Ilazo: Kaka, saruji hawaili, sasa wanapitaje kwenye zege?

Jibu: Swali zuri, dada. Hawaitoboi, wanatafuta ufa. Mwanya wa milimita moja unawatosha, na zege likikauka huachana kidogo na ukuta pale linapokutana nao. Ndiyo maana namba 6 inafuata ukuta. Kama bado unajenga, mimina lita 5 kwa mita ya mraba juu ya kifusi kilichoshindiliwa, tandika nailoni, mwaga zege. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni lita 80. Rahisi kuliko kutoboa marumaru baadaye.

Fundi Kisasa: Nikimtoa malkia kwenye kichuguu si inatosha?

Jibu: Mara nyingi haitoshi. Baadhi ya vichuguu vina malkia zaidi ya mmoja, na kuna mchwa ambao kichuguu chao hakionekani juu kabisa. Wengi wa hawa wanalima kuvu chini kwa mabaki ya mbao, na uyoga mkubwa tunaookota wakati wa mvua hutoka kwenye mashamba hayo. Toboa kichuguu kwa nondo sehemu 4 au 5, mimina lita 20 mpaka 40 za mchanganyiko ule ule, na mtaro wa nyumba uchimbe vilevile.

Mkulima Hombolo: Oili chafu kwenye nguzo za zabibu inafaa?

Jibu: Inachelewesha tu, tena inachafua udongo wa mizabibu. Tumia nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Ukilazimika kuikata, ncha iliyokatwa ielekee juu: dawa haifiki kiini cha mti, na ukiifukia ncha hiyo mchwa wataingilia katikati huku nje nguzo ikionekana nzima.