Mkandarasi huru anayesaini daftari la mahudhurio

Mkataba ukikuita "mkandarasi huru", yaani mtu anayejitegemea na si mwajiriwa, usikubali haraka. Hapa Tanzania, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinakuchukulia kuwa mwajiriwa ukitimiza hata kigezo kimoja: bosi anakupangia saa, anakupa vifaa, au umemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Bosi anaweza kupinga, kwa hiyo tunza ushahidi. Piga picha ratiba ya zamu, hifadhi zile meseji za "kesho uwe getini saa 1 kamili" (zitume na kwenye barua pepe, simu huibiwa). Ukiachishwa, peleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Usizimalize ukisubiri bosi apokee simu.