Mzee wako alipigana vita ya Kagera, ile ya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin wa Uganda? Soma hii kabla hujampeleka hospitali

Mwaka juzi mgongo wa baba ulimkaza mpaka akawa anashika ukuta kwenda chooni, tukashuka naye toka Kibosho mpaka mjini Moshi, tukaandikiwa kipimo cha MRI, ile mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili. Kijana wa mashine akamuuliza, mzee una chuma chochote mwilini? Baba akajibu "hapana" kwa sauti ya kambini kabisa. Mimi nimesimama mlangoni na sweta lake mkononi, nikakumbuka lile kovu la pajani tulilokuwa tunaligusa gusa tukiwa wadogo, nikasema subirini kwanza. Wakampiga eksirei, na kweli kipo, kipande cha chuma kama punje ya mahindi, kimelala mle toka 1979. Namuuliza baba mbona umesema hapana, ananiambia, "Mwanangu hicho si kidonda, kuna wenzangu waliumia."

Hapo ndo utawaelewa hawa wazee. Walifundishwa kutolalamika, na hilo somo halistaafu. Ukisubiri mwanajeshi akwambie anaumwa utasubiri mpaka siku ya kumbeba, kwa hiyo kazi ya kutafuta ugonjwa ni ya kwako wewe unayeishi naye.

Anza na makovu. Tenga jioni moja ametulia, nunua daftari gumu, pita naye toka kichwani mpaka miguuni, hili la wapi, hili la nini, andika. Ile MRI ni sumaku kubwa mno, chuma kilichobaki mwilini kinaweza kusogea au kupata moto, na kikiwa karibu na jicho au mshipa wa damu ni hatari kweli. Kila mnapokwenda hospitali mpya hilo liwe jambo la kwanza kulisema, hata kama hajaulizwa. Andika pia alikuwa kwenye nini, mizinga, magari, au alitembea kwa miguu, maana wengi wao walitoka Mutukula mpakani wakaingia ndani ya Uganda kwa miguu na mzigo mgongoni, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ikaangushwa tarehe 11 Aprili 1979. Magoti na viuno vya leo vina historia hiyo.

Sasa masikio. Baba alikuwa mizinga, na hawakuwa na cha kuziba masikio zaidi ya vidole. Mlio mkubwa unaua vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio na vikishakufa havioti tena, na sauti nyembamba ndo zinapotea kwanza. Hili naomba mlisome mara mbili, kwa sababu kwetu lilileta ugomvi wa miaka: baba alikuwa anamsikia kaka yangu vizuri ila mama na sisi mabinti hakuwa anatusikia, tukaamini anatudharau!! Kumbe sauti zetu hazimfikii. Usipige kelele, kupiga kelele kunafanya sauti iwe nyembamba zaidi. Kaa mbele yake auone mdomo wako, zima redio, ongea taratibu na sauti nzito kidogo. Halafu mpeleke akaangaliwe nta kwanza, wakati mwingine nusu ya tatizo ni nta, kisha apimwe usikivu, na akiambiwa avae kifaa mbembeleze avae kila siku, maana mzee asiyesikia anaanza kujitenga, na kutosikia kunaendana na kusahau sana uzeeni.

Presha nayo. Baba alikuwa anapimwa kliniki ametoka kupanda ngazi, inasoma juu, anabishana na daktari. Tukanunua mashine ya mkononi, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono mezani usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa, na msiongee naye. Asubuhi na jioni. Na hapa nina mbinu imetusaidia sana: usimwambie "baba nikupime", mwambie aandike ripoti. Yaani baba anaandika tarehe, saa, namba, anaweka sahihi kama yuko lindoni, na tukienda kliniki anamkabidhi daktari daftari mwenyewe huku amesimama wima. Ikiwa inarudia rudia 140 kwa 90 kwenda juu, rudini kwa daktari. Na ikishuka asiache dawa, imeshuka kwa sababu anameza, wengi wamepooza kwa kosa hilo moja.

Dawa za maumivu zinanitisha kuliko presha yenyewe. Diklofenaki inauzwa kila duka la dawa, mzee anatuma mjukuu, anameza miezi, goti linatulia, huku presha inapanda, tumbo linachubuka na figo zinachoka kimya kimya. Baba alivimba miguu ndo tukajua. Vua soksi zake uangalie, bonyeza kwa kidole juu ya kifundo, kishimo kikibaki mpeleke, na uombe apimwe figo na sukari siku hiyo hiyo. Kama anaamka usiku mara nne tano kukojoa au mkojo unatoka kwa shida, waambie na hilo, inaweza kuwa sukari au tezi dume, na usitegemee atalisema mbele ya binti yake, mtume kaka.

Usiku. Kwetu kuna mparachichi umeinamia nyumba, tunda likidondoka kwenye bati usiku baba anakuwa ameshasimama nyuma ya mlango na panga kabla sisi hatujafumbua macho, akitetemeka, jasho tupu, mtu wa miaka 70 na kitu. Tulikata lile tawi. Ndo dawa ya kwanza, ondoa kinachomshtua, na fataki za mwaka mpya mwambie mapema. Akiota anapiga kelele usimshike wala kumtikisa, simama mbali, washa taa, muite jina lake, mwambie uko nyumbani, uko Kibosho. Mbege, pombe yetu ya ndizi, haimsaidii kulala, inamlaza masaa mawili halafu ndoto zinakuja mbaya zaidi. Kustaafu ndo kunafungua haya mambo kwa wengi, kazi imeisha, kichwa hakina shughuli.

Msaada upo, ushauri nasaha na dawa pia, lakini ukitaja afya ya akili atakuuliza "mnanipeleka Mirembe?", yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba aliuliza hivyo hivyo. Sisi tulisema twende kwa ajili ya usingizi, na ni kweli, usingizi ndo ulikuwa unamtesa. Ila mzee akianza kusema bora ningebaki kule na wenzangu, hiyo si hadithi ya vita, usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo.

Mambo ya foleni kwa kifupi: Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, hospitali nyingi za serikali zina dirisha la wazee, beba kitambulisho, kadi ya bima kama anayo na nakala za karatasi zake za jeshi. Ongea wewe dirishani, yeye atasema hana shida.

Na mtafutie wenzake. Hapa kijijini wamebaki wawili, Jumapili baada ya misa wanakaa chini ya ule mparachichi. Nawawekea chupa ya chai na vikombe viwili, naondoka, sisikilizi. Jioni naletewa ripoti ya presha, na siku za Jumapili mara nyingi namba inakuwa chini.