Vichwa vya sura: namna ya kuviweka ili anayesikiliza kitabu aruke hadi anapotaka

Wenzangu mnaoandika vitabu vya kusomwa kwa simu, hapa Lamu na kwengineko pwani, naomba mnisikilize hili moja manake lawatesa sana wasomaji wetu wasioona na dawa yake ni ndogo. Ukiandika "Sura ya Tatu" ukaitia boldi, ukakuza fonti hadi 20, ukaiweka katikati, wewe waona kichwa cha sura. Programu inayosoma skrini haikioni. Yenyewe hufuata staili uliyoupa ule mstari, yaani ile alama ya ndani isemayo huu ni kichwa ama ni aya, si ukubwa wa herufi, na kama hukuupa staili ya kichwa basi kitabu kizima kwa anayesikiliza ni nyumba isiyo na mlango hata mmoja.

Kuna kijana Langoni yuwasoma kwa simu ya Android, na TalkBack, ile programu yake inayosoma skrini kwa sauti. Nilikaa naye akinionesha. Kitabu kilichowekwa vizuri yuwachagua "vichwa" kwenye vidhibiti vya kusoma, kisha kidole chini, sura ya kwanza, chini, ya pili, chini, ya tatu, mara yuko pale alipoachia jana. Kitabu cha pili kilikuwa boldi tupu, kidole kikishuka simu yamwambia hakuna kichwa kinachofuata, ikawa ni kusogea aya kwa aya akitafuta, mwisho akaniambia, "Maalim, hiki nshakiacha." Na hadithi yenyewe ilikuwa nzuri.

Haya, tuingie kazini. Kwenye Word weka kishale kwenye mstari wa kichwa, bonyeza Ctrl, Alt na 1 pamoja, hiyo ndo Heading 1, imeisha. Kifungu kidogo ndani ya sura ni Ctrl+Alt+2, kidogo zaidi 3. LibreOffice ni Ctrl+1, Ctrl+2 na kuendelea. Kama hupendi ile rangi ya buluu ya Word, na mimi siipendi, usianze kupaka kichwa kimoja kimoja kwa mkono: nenda kwenye jina la staili, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua Modify, badilisha hapo mara moja na vichwa vyote vitafuata. Hapo hapo kwenye mipangilio ya aya tia alama kwenye "Page break before", kila sura itaanza ukurasa mpya yenyewe, tuache zile Enter za kusukuma sura ishuke chini, manake anayesikiliza kila Enter yaweza kumfikia kama mstari mtupu, mtupu, mtupu, mpaka ajiulize kama kitabu kimekwisha.

Ngazi ziwe na mpango. Jina la kitabu lipe Title, sura zote Heading 1, vifungu vyake Heading 2. Kitabu chenye sehemu kubwa na sura ndani yake, sehemu ndo 1 na sura 2. Usiruke kutoka 1 hadi 3 kwa vile 3 umbo lake limekupendeza, kwa sababu mwenye NVDA, programu inayosoma skrini ya kompyuta, hubonyeza H kwenda kichwa kinachofuata, ama 1 kwenda vya ngazi ya kwanza tu, ama 2 vya ngazi ya pili, sasa ukivuruga ngazi vile vitufe vyote vyampoteza.

Maneno ya kichwa nayo yana kazi. "3" peke yake haimwambii mtu kitu, andika "Sura ya 3: Jahazi Latia Nanga" kwenye mstari mmoja, ukivunja kwa Enter utapata vichwa viwili. Namba za Kirumi ziache, IV yaweza kusomwa kama neno. Kuachanisha herufi, S U R A, ndo usifanye kabisa, itasomwa herufi moja moja. Na wale tunaopenda nakshi za milango yetu juu ya kila sura, weka nakshi, pambo ni haki yetu, ila jina la sura lisiwe ndani ya picha, liwe maandishi chini yake, na picha uitie alama kuwa ni pambo tu.

Tenzi je? Ubeti si kichwa jamani. Utenzi wa beti mia mbili ukipewa vichwa mia mbili ni sawa na kutokuwa na kichwa chochote. Gawa kwa kisa: dua ya kufungulia, kisa chenyewe kwa matukio yake, tamati, hizo ndo Heading 1, namba za beti ziache maandishi ya kawaida. Lugha ya faili iwe Kiswahili, sauti ya Kiingereza ikisoma utenzi utalia, na zile dua za herufi za Kiarabu zichague uzitie lugha ya Kiarabu.

Yaliyomo usiyachape kwa mkono na nukta nukta hadi namba ya ukurasa. Word yatengeneza yenyewe kutoka kwa vichwa, kwenye References. Kisha fungua Navigation Pane kwenye View, sura zako zote zionekane kwa mpangilio kando ya skrini, isiyoonekana hapo haina kichwa, irudie.

Kugeuza iwe EPUB, aina ya faili ya kitabu cha kielektroniki, programu ya WordToEPUB ya DAISY Consortium ni ya bure, kwenye Windows, yachukua vichwa vyako kuwa orodha ya sura. Ikiwa lazima uwe na PDF, pitia Save As, ingia Options, hakikisha "Document structure tags for accessibility" imetiwa alama pamoja na ile ya kutengeneza bukumaki kutokana na vichwa, na usipitie Print hata siku moja, kule vichwa vyote hupotea.