Suti ya kodrai: hesabu matuta kabla ya kutoa pesa

Suti ya kodrai ni suti kwa umbo tu. Kwa tabia ni nguo ya kushindia. Katika vyuo vya kaskazini mashariki ya Marekani kama Yale, Princeton na Harvard, na katika shule za bweni zinazowaandaa vijana kwenda huko, ndiko ulikokulia mtindo huu uitwao prepi. Huko kodrai ilivaliwa na maprofesa na wanafunzi pale ambapo suti ya sufu ingenuka benki. Ukiivalisha kibenki, kwa shati jeupe la kung'aa, tai ya hariri inayometa na viatu vyeusi vya kamba, itakuaibisha.

Anza na kitambaa. Kodrai ni pamba yenye nyuzi za ziada zilizokatwa zikabaki zimesimama kama vinyoya, zimepangwa kwa matuta kama ya viazi. Weka rula na uhesabu matuta ndani ya inchi moja, yaani sentimita mbili na nusu. Ya suti ni 8 hadi 14. Ukishindwa kuamua, chukua 11, kipimo cha kawaida kabisa. Matuta 4 au 5 ni mapana mno: kwenye suruali peke yake yanapendeza, lakini koti na suruali kwa pamoja utafanana na kochi la sebuleni. Kuanzia 16 kwenda juu ni kodrai nyembamba ya mashati. Ikishonwa suti, magoti huwahi kuvimba.

Kisha pitisha kiganja juu ya kitambaa kufuata matuta, kwenda na kurudi. Upande mmoja utateleza, upande wa pili utakwaruza. Huo ndio mwelekeo wa vinyoya, na ndipo suti nyingi za kushonesha huharibikia. Vinyoya vikielekea juu rangi huonekana imekolea. Vikielekea chini hupauka kidogo. Fundi anayebana kitambaa hugeuza kipande kimoja ili kienee, na ukisimama juani mguu wa kushoto unakuwa kahawia na wa kulia kama uliofuliwa mara hamsini. Rangi ni ileile, ila mwanga unaangukia vinyoya tofauti. Mwambie fundi kabla hajashika mkasi kwamba vipande vyote, vya koti na vya suruali, vielekee upande mmoja. Kwa sababu hiyo kitambaa huliwa zaidi: mtu wa mwili wa kawaida anunue mita 4 za upana wa sentimita 150, hata kama suti ya sufu ingemtosha kwa tatu na nusu. Kitambaa kilowekwe na kukaushwa kwanza, maana pamba hurudi.

Koti la mtindo huu halibani. Mabega ni laini, bila sponji au yenye sponji nyembamba sana, na mbele hakuna mishono ya kuchora kiuno. Maduka ya nguo ya Brooks Brothers, la New York, na J. Press, lililoanza mwaka 1902 jirani na Yale, yameliuza koti la namna hii miaka mingi. Lina vifungo vitatu, ila kola hujikunja yenyewe hadi karibu na cha kati. Cha juu hakifungwi kamwe, cha chini hakifungwi, unafunga cha kati tu. Nyuma kuna mpasuo mmoja. Mifuko iwe ya kubandika juu, na bitana iishie nusu mgongo ili upumue. Suruali haina marinda, inakaa kiunoni hasa, na chini ina upindo wa nje wa sentimita 4 hadi 4.5. Upindo huo unaipa miguu uzito, la sivyo pamba hii hupanda na kung'ang'ania soksi.

Rangi za kuanzia ni kahawia, rangi ya ngamia na kijani cha zeituni. Bluu iliyokolea inafaa pia. Nyeusi achana nayo: huokota kila uzi na vumbi, na vinyoya vikichakaa inageuka kijivu kwenye viwiko.

Ndani vaa shati la oksifodi, jeupe au bluu ya mbingu, lenye kola ya kufungwa kwa vifungo vidogo. Kitambaa chake kizito kidogo hukaa sawa na kodrai. Tai iwe ya kufuma, ya sufu, au ya mistari isiyong'aa. Rangi ya damu ya mzee juu ya kahawia haijawahi kumwangusha mtu. Baridi ikizidi, ongeza sweta ya sufu isiyo na mikono. Miguuni moka za kahawia au viatu vya swedi, yaani ngozi iliyokwanguliwa ikawa na vinyoya, kwani ngozi iliyong'arishwa kama kioo hugombana na kitambaa kisichong'aa. Kodrai na swedi zina vinyoya zote mbili, na zinaelewana.

Faida kubwa ni kwamba suti hii huvunjika vizuri. Koti linakwenda na suruali ya kaki au flaneli ya kijivu, na suruali inakwenda na sweta. Usivae kimoja hadi kichakae huku kingine kinang'aa kabatini: peleka vyote kufuliwa pamoja, vipauke pamoja.

Dar es Salaam na Mombasa isahau. Njombe, Mufindi au Limuru mwezi wa Julai, vaa bila wasiwasi. Na huhitaji kushonesha: makoti ya aina hii hufika kwenye masoko ya mitumba, Karume ya Dar es Salaam na Gikomba ya Nairobi. Inua suruali uitazame dhidi ya mwanga, hasa makalio, mapaja ya ndani na magoti. Palipong'oka vinyoya pakabaki kitambaa kitupu hapatengenezeki, mwachie muuzaji. Viwiko vya koti vinaokolewa kwa viraka vya ngozi, na hiyo ndiyo kazi yake halisi. Kubandika viraka kwenye koti jipya ni maigizo.

Pasi ndiyo adui. Ukiigandamiza upande wa vinyoya, matuta hulala na kubaki na alama inayometa yenye umbo la pasi. Geuza nguo ndani nje, chini yake tandika kipande kingine cha kodrai, vinyoya kwa vinyoya, kisha tumia mvuke bila kukandamiza. Mkunjo wa mbele wa suruali usiuhangaikie, pamba hii haiushiki. Jioni piga brashi kufuata matuta, ipumzishe siku moja, na suruali itundike kichwa chini, ukiibana kwenye upindo, ili uzito wake unyooshe magoti.