Kushusha gari kwa barabara za Tabora: hatua kwa hatua

Wengi wanaoleta gari gereji kwangu hapa Tabora wakitaka lishushwe, bodi ikae chini zaidi, huomba jambo moja, yaani lishike kona vizuri, na ombi hilo lina msingi. Kadiri uzito unavyokaa karibu na ardhi, ndivyo unavyopungua mzigo unaohamia tairi za nje gari linapokata kona. Chukua gari dogo la kilo 1,000, ambalo tairi zake za kushoto na kulia zimeachana kwa sm 148 na kitovu chake cha uzito kiko sm 52 kutoka ardhini. Likikata kona kwa nguvu ya nusu ya uzito wake, kilo zipatazo 176 huhamia upande wa nje. Ukilishusha sm 3, huhama kilo kama 166. Faida ni ya kweli, lakini ni kilo 10, na unailipia kwa nafasi ya tairi kupanda na kushuka. Ndiyo maana kwa gari la matumizi ya kila siku mimi sivuki sm 3.

Anza kwa kupima. Egesha gari mahali palipo sawa, kisha pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi kwa tairi zote nne. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi lenye upepo pungufu litakudanganya. Andika vipimo, wapakie watu wanne na mzigo ambao mwenye gari huubeba, tuseme gunia la mchele kwenye buti, halafu pima tena. Chungulia pia raba iliyo kwenye rodi ya shokapu, uone imebakiza nafasi kiasi gani kabla ya kugusa. Raba hiyo ikigota, springi huwa kama imegeuka chuma kitupu kwa ghafla, tairi huruka badala ya kufuata barabara, na mshiko ulioutafuta hupotea katikati ya kona. Anayesafiri kwenda Kigoma kupitia Urambo na Kaliua akiwa na abiria na mizigo anaihitaji nafasi hiyo kuliko urembo wa gari lililolala.

Hatua ya pili ni kuchagua springi, na hapa naomba nisikilizwe. Springi fupi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo huwa ngumu kidogo kuliko ya awali, kwa kuwa imebakiwa na safari fupi ya kuzuia uzito uleule, na inataka shokapu inayoweza kuituliza. Shokapu iliyochoka huliacha gari likidunda baada ya kila tuta. Kuikata springi ya zamani ni jambo jingine. Yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ukiiondolea mmoja, ugumu wake hupanda kwa sehemu moja ya tano, bila mtu yeyote kuupangia shokapu. Ikikatwa kwa gesi ndiyo mbaya zaidi. Niliwahi kufungua gari lililokuwa likigonga mbele na kukuta karibu na mkato chuma kimepata rangi ya samawati na zambarau, dalili kwamba moto ulikuwa umeharibu ugumu wake. Mkato haukukaa sawasawa kwenye kikombe kinachoikalisha springi, na kila tairi liliponing'inia springi ilicheza. Springi ya namna hiyo siirudishi kwenye gari la mtu.

Katika kufunga, weka gari juu ya stendi, kamwe usitegemee jeki peke yake, na tumia vibanio imara unapoifungua springi. Boliti za bushi, yaani raba za maungio, za mkono wa chini (chuma kinachounganisha tairi na chesisi) zifunge kwa mkono tu, zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukizikaza tairi zikiwa zinaning'inia, raba ya bushi hubaki imejisokota muda wote na itachanika mapema.

Gari likisimama, tazama mkono wa chini kwa mbele. Katika magari mengi madogo, ambayo springi na shokapu zimeungana kuwa mguu mmoja, mkono huo ukielekea juu upande wa tairi ujue umepitiliza. Mahali ambapo bodi huzungukia inapoinamia upande kwenye kona hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito, hivyo gari lililoshushwa kupita kiasi huweza kuinama zaidi kwenye kona kuliko lilivyokuwa, na mwenye gari hubaki akishangaa.

Kisha peleka gari alaimenti, likapangwe mwelekeo wa tairi, siku hiyohiyo. Juu ya tairi huwa pameingia ndani kidogo, na tairodi, rodi zinazounganisha usukani na tairi, huzisukuma tairi zitazamane au ziachane. Rekebisha pia mwanga wa taa, hasa kama mbele na nyuma hazikushuka sawa.

Jaribu gari likiwa tupu, kisha likiwa na watu wanne, polepole juu ya matuta na usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, usikilize kama tairi linagusa madigadi. Baada ya wiki mbili pima tena, kwa kuwa springi mpya huketi kidogo, na upitishe kiganja kwenye ukingo wa ndani wa kila tairi, kwenda na kurudi. Ukihisi laini kiganja kikienda na meno kama ya msumeno kikirudi, au kinyume chake, rudi alaimenti kabla ya kuhamisha tairi.