MPC Live: ongeza diski, memori iache

Wenye Akai MPC Live (mashine ya kutengenezea midundo), msipoteze hela kutafuta RAM (memori ya kazi) ya kuongeza. Ile GB 2 haiongezeki. Kinachoongezeka ni nafasi ya kuhifadhi: ya ndani ni GB 16 tu, na sehemu yake imeshaliwa na sauti zilizokuja na mashine.

Chini ya mashine kuna kifuniko cha skrubu. Zima kabisa, chomoa waya wa umeme (ina betri, kwa hiyo kuchomoa peke yake hakuizimi), kisha weka SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5, yenye plagi ya SATA. SSD ile nyembamba ya aina ya M.2 haiingii. Ifomati kwa exFAT (mpangilio wa mafaili), isomeke hata kwenye kompyuta.

Lakini diski kubwa haitazuia projekti kujaza memori, maana sampuli (vipande vya sauti unavyopiga) hupakiwa kwenye RAM. Dakika moja ya stereo kwa ubora wa CD hula karibu MB 10. Mono, yaani sauti ya njia moja badala ya mbili, hula nusu. Mimi kiki na besi zote huzigeuza mono, na kimya kinachobaki mwishoni mwa sampuli nakikata. Hapo ndipo utaona nafuu ya kweli. Nakili projekti zako pembeni kwanza, tafadhali, kabla hujashika bisibisi.